Sebene kwenye chipu ya Famicom: kwa nini gita linabadilika sauti kwenye mashine za sokoni?

KivuPulse (Goma)

Salamu ndugu wote. Naandaa mchezo mdogo wa Famicom (mashine ya michezo ya Nintendo), kaseti ya kawaida yenye KB 32 za programu na KB 8 za picha. Wimbo wa ukurasa wa kwanza nataka uwe sebene kamili: gita la solo, mi-solo (gita la kati), besi na ngoma. Nautunga kwenye FamiTracker, programu ya kutungia muziki wa Famicom, na kuusikiliza kwenye emuleta (programu inayoiga mashine) ya Mesen. Kisha naupeleka kwenye mashine zenyewe, zile kopi za plastiki za kaseti zenye pini 60 zinazouzwa Soko la Virunga, zenye waya wa njano wa picha na mweupe wa sauti.

Kwenye emuleta wimbo uko vizuri. Kwenye kopi unakwenda polepole, lakini sauti haikushuka sana. Gita la solo nimeliwekea umbo la wimbi V02, linatoka jembamba kama limebanwa puani. Mi-solo yenye V01 ndiyo inatoka nene. Yaani zimebadilishana. Nyuma ya wimbo kuna mngurumo mzito usiokwisha. Tena, nikitumia dereva ya sauti (programu ndogo inayopiga wimbo ndani ya mchezo) niliyoiandika mwenyewe badala ya ile ya FamiTracker, noti za chini za chaneli ya mraba (ile ya wimbi la mraba, ninayopigia magita) zinanyamaza kabisa, ila za juu zinalia.

Kopi nyingine ya duka tofauti inafanya hivyo hivyo, kwa hiyo siamini ni ubovu wa mashine moja. Ninachotaka ni wimbo uwe mtamu kwenye kopi hizi, maana ndizo watoto wa hapa wanazo. Tena nataka kuurekodi kwa simu moja kwa moja kutoka kwenye mashine, bila kupitia hewani.

---

FundiKadutu (Bukavu)

Ndugu, mashine yako ni nzima. Nianze na mwendo na zile sauti zilizobadilishana. Mngurumo wengine watakusaidia.

Famicom ya Japani ya 1983 inatumia chipu ya Ricoh 2A03, prosesa na sauti ndani ya kipande kimoja. Saa yake ni 1.789773 MHz, na picha ni 60 kwa sekunde. Nintendo ya Ulaya ina 2A07, saa 1.662607 MHz, picha 50. Kopi za kwetu ni kitu cha tatu. Zilitengenezwa kwa televisheni za picha 50 lakini zicheze kaseti za Japani bila kukwama, ndiyo maana saa yake ni 1.773448 MHz, jirani kabisa na ya Japani. Kwenye emuleta aina hii inaitwa Dendy, kwa jina la kopi iliyoenea Urusi miaka ya 1990.

Masafa ya chaneli ya mraba unayapata hivi: saa ya chipu, gawanya kwa 16, gawanya tena kwa kipindi (namba unayoiandika kwenye chipu kuchagua noti) ukiongeza 1. Chukua la ya 440, kipindi chake ni 253. Chipu ya Japani inatoa 440.4 Hz. Kopi inatoa 436.4 Hz, kosa dogo ambalo hulisikii mpaka upige gita la kweli pembeni. Ya Ulaya inatoa 409.1 Hz, zaidi ya nusu toni chini. Basi ukikuta wimbo umechelewa na sauti imebaki pale pale, hiyo ni kopi ya aina ya Dendy. Vikishuka vyote viwili, ni ya Ulaya.

Unachelewa kwa sababu dereva ya muziki inaitwa mara moja kila fremu (picha moja), na fremu zimetoka 60 kuwa 50. Una njia mbili. Ya kwanza ni kuita dereva mara mbili katika kila fremu ya tano. Hapo unapata miito 60 kwa sekunde. Kwa nyimbo za taratibu inatosha. Kwa sebene siipendi, kwa sababu ule mwito wa ziada unaangukia popote na sahani ya ngoma inaanza kuyumba, na sebene ikiyumba mchezaji dansi anaacha.

Njia bora ni kutunga matoleo mawili ya mwendo. Mstari mmoja ukiwa robo ya pigo, Speed 7 (fremu 7 kwa kila mstari) kwa fremu 60 inakupa mapigo 128.6 kwa dakika. Speed 6 kwa fremu 50 inakupa 125. Hakuna atakayeona tofauti, na kila mstari una urefu uleule. Angalia sehemu ya Tempo: iache 150 ukiwa kwenye 60 Hz, lakini ukihamia 50 Hz iweke 125. Ukiiacha 150 na Speed 7 kwenye 50 Hz, treka (FamiTracker) itajaribu kufidia, mistari mingine itapata fremu 6 na mingine 5, na utarudi kwenye kuyumba kule kule.

Programu itajuaje iko kwenye mashine gani? Hesabu mizunguko ya prosesa kati ya fremu mbili wakati wa kuwasha. Japani ni kama 29,780, Ulaya 33,247, kopi 35,464. Kitanzi chochote cha kuhesabu kinatenganisha hizo tatu bila shaka.

Sasa magita. Chaneli ya mraba ina maumbo manne: V00 ni asilimia 12.5, V01 ni 25, V02 ni 50, V03 ni 75. Kopi nyingi, zikiwemo zenye chipu ya UA6527 ya UMC, zimepinduliwa biti mbili zinazochagua umbo. Namba 01 inasomwa 10, na 10 inasomwa 01. Solo yako ya 50 inatoka 25, mi-solo ya 25 inatoka 50. Ndicho unachosikia.

Lakini tazama vizuri: 00 ukiipindua ni 00, na 11 ni 11. V00 na V03 hazibadiliki kwenye mashine yoyote. Na wimbi la asilimia 75 ni lile la 25 lililogeuzwa juu chini. Likilia peke yake sikio halitofautishi. Kwa hiyo kila palipo na V01 weka V03, na utakuwa na sauti ya 25 inayotoka sawa Goma, Tokyo na kwenye emuleta. Sauti ya 50 ndiyo haina kimbilio, maana programu haiwezi kuisoma chipu na kujua kama imepinduliwa. Ukiihitaji kwa lazima, weka kwenye menyu chaguo la «Sauti A» na «Sauti B», wimbo ulie pale pale, mchezaji achague kwa sikio lake.

Usikilize kwanza kwenye Mesen kabla ya kuandika kaseti: eneo liweke Dendy, kisha kwenye mipangilio ya sauti washa kile kinachobadilisha duti, yaani yale maumbo, za chaneli za mraba. FCEUX inacho pia, na kwenye simu FCEUmm inacho.

---

Lshi_Mraba (Lubumbashi)

Yaya FundiKadutu amemaliza upande wa mashine. Niongeze upande wa utunzi, maana sebene ina watu wengi kuliko chaneli za chipu hii, na hapo ndipo wengi wanakosea: wanajaribu kuwaingiza wote kwa pamoja.

Una mraba mbili, pembetatu moja, kelele moja na chaneli ya sampuli (sauti iliyorekodiwa). Mraba ya kwanza mpe solo. Mraba ya pili mpe mi-solo, ile inayozunguka bila kuchoka, na umpe kazi ya akompa (gita la kusindikiza) katikati ya nafasi zake. Solo akipanda kwenye tatu sambamba, yaani noti mbili kwa pamoja, mi-solo anakaa kimya kwa hizo baa mbili na mraba ya pili inakuwa sauti ya pili ya solo. Msikilizaji ataendelea kuisikia mi-solo kichwani. Hii inafanya kazi mradi umemzungusha vya kutosha kabla ya kumnyamazisha.

Mguso wa kidole kwenye uzi unautengeneza ndani ya ala, si kwenye mistari. Mfululizo wa sauti: 15 12 10 8 7 6 5 5 4 4 3 3. Mfululizo wa duti: 0 kwa fremu ya kwanza, halafu 3 mpaka mwisho, ile fremu moja ya asilimia 12.5 ndiyo inayosikika kama kucha. Ukitaka ukali zaidi, weka arpejio 12 0, fremu ya kwanza inaruka oktava moja na kurudi. Kwa mi-solo iliyozuiwa kwa kiganja, sauti 12 6 2 0 inatosha, tena inaacha ukimya kati ya noti, na sebene inaishi kwenye ule ukimya.

Ukimya huo unaweza kuutumia kwa mwangwi. Baada ya noti ya solo, mstari wa tatu ukiwa mtupu, rudisha noti ileile kwa sauti 3 au 4. Chaneli moja inafanya kazi ya mbili.

Besi kwenye pembetatu ina masharti yake. Haina kiwango cha sauti: inalia au hailii, basi. Mdundo wa besi unatoka kwenye urefu wa noti, kwa hiyo ikate mapema, robo tatu ya nafasi yake. Unapoikata katika dereva yako, ifunge kwa kihesabu chake kwenye rejista ya $4008 (kisanduku cha namba ndani ya chipu). Usiweke kipindi 0 ukidhani umeinyamazisha. Inaendelea kuzunguka juu ya uwezo wa sikio, na kila ukifanya hivyo bafle inatoa «tap». Na usishuke mno. Pembetatu inafika 27 Hz, lakini bafle ya televisheni ndogo haitoi kitu hata kwenye 55, na wimbi la pembetatu lina harmoniki dhaifu, hakuna cha kulisaidia. Panda oktava moja, besi itasikika kwa kila mtu.

Ngoma ya mguu: chukua pembetatu kwa fremu 4, ishushe kutoka karibu 200 Hz hadi 60, pamoja na kelele fupi ya sauti 10 4 0. Besi inaanza mara baada ya hapo, mstari huohuo au unaofuata, na sikio linazikubali kama vitu viwili. Marakasi na sahani ndogo: kelele ya juu, sauti 6 3 0, kila mstari wa pili ukiupunguza hadi 4 2 0, la sivyo inakuwa mashine ya kushona. Kumbuka FamiTracker inaandika kelele kinyume na chipu: F kwenye treka ni ya juu kabisa, wakati kwenye rejista ya chipu ya juu kabisa ni 0. Ukiandika dereva yako na kunakili namba moja kwa moja, marakasi zitageuka ngurumo.

Sampuli ya atalaku (mwimbaji anayechangamsha sebene kwa makelele) inavutia, lakini pima kwanza. Sampuli moja inaishia baiti 4081, biti moja kwa kila hatua. Kwa kasi ya juu, karibu 33.1 kHz, hizo ni sekunde 0.99 tu, na tayari umekula KB 4 katika zako 32. Lazima ikae kwenye anwani kati ya $C000 na $FFFF. Mimi ningeweka pigo moja fupi la konga, baiti mia chache, kuliko sauti ya mtu. Jambo jingine: kwenye 2A03, chipu inapovuta baiti ya sampuli wakati programu inasoma manete (vishikio vya mchezaji), usomaji unaharibika na kitufe kinaonekana kimebonyezwa chenyewe. Soma manete mara kwa mara mpaka masomo mawili yafuatane sawa, ndipo uamini.

---

KivuPulse (Goma)

Aksanti sana wakubwa zangu. V03 mahali pa V01 imerudisha mi-solo mahali pake, na Speed 6 na Tempo 125 imenyoosha mwendo kwenye kopi zote mbili. Solo nimeihamishia kwenye ala ya 0 kisha 3. Bado mngurumo, noti za chini, na kurekodi.

---

FundiKadutu (Bukavu)

Noti za chini: angalia unachoandika kwenye $4001 na $4005. Bila shaka umeandika $00.

Hizo ni rejista za kuteleza sauti. Hata ukiwa umezima kuteleza, chipu inaendelea kukokotoa ile noti ambayo ingefikiwa, na ikizidi $7FF inanyamazisha chaneli. Ukiwa na $00, inajumlisha kipindi na kipindi chenyewe, yaani mara mbili. Kwa hiyo kila kipindi kuanzia $400 kinanyamaza, na hicho ni kama 109 Hz kwenda chini. La ya 110 inalia, sol dieze iliyo chini yake hailii. Pima kwenye wimbo wako, utakuta mpaka uko hapo hapo.

Andika $08 kwenye zote mbili wakati wa kuanzisha. Biti hiyo inageuza kujumlisha kuwa kutoa, jibu haliwezi tena kuzidi, na chaneli inashuka mpaka karibu 55 Hz. Dereva ya FamiTracker inafanya hivyo tangu mwanzo, ndiyo maana kule hukuona shida.

Ukiwa ndani ya dereva hiyo, rekebisha na hili: usiandike $4003 au $4007 kila fremu. Kila unapoziandika, wimbi linaanza upya tangu mwanzo wake na unasikia mkwaruzo, hasa kwenye vibrato. Weka kumbukumbu ya baiti ya juu ya kipindi, na uiandike tu inapobadilika. Baiti ya chini, $4002 na $4006, iandike utakavyo.

---

Waya_Mweupe (Goma)

Mngurumo una asili mbili, na dawa zake ni tofauti. Tenganisha kwanza.

Ukiwa mzito, haubadiliki hata picha ikibadilika, ni umeme. Umeme wetu ni 50 Hz, dayodi nne za adapta zinaufanya 100 Hz, na kapasita ya kuulainisha imechoka au ni ndogo. Ukiwa mkali kama nyuki na unabadilika maandishi meupe yakijaa kwenye skrini, hiyo ni picha inavuja kwenye sauti.

Kwa wa kwanza, fungua mashine utafute 7805, kipande cha miguu mitatu chenye bati mgongoni. Kapasita kubwa iliyo kwenye mguu wake wa kuingilia, iondoe uweke 2200 µF ya volti 25. Usiweke ya volti 16 hata kama ndiyo iliyokuwemo. Adapta za bei rahisi za volti 9, bila mzigo, zinapanda hadi 13 au 14, na umeme ukirudi kwa fujo baada ya kukatika zinapanda zaidi. Angalia alama ya hasi kabla ya kulehemu.

Kuna jambo ambalo kapasita peke yake hailiponyi. 7805 inahitaji karibu volti 7 kwenye kuingilia ili itoe 5 iliyotulia. Jioni mtaa mzima ukiwasha pasi na jiko, umeme unashuka, mabonde ya adapta yanaingia chini ya 7, na mngurumo unarudi ingawa kapasita ni mpya. Jaribio zuri ni hili: toa 7805 kabisa, na volti 5 za pawabenki uziingize kwenye tundu la mguu wa kutokea, ardhi kwenye mguu wa kati. Mngurumo ukipotea, umemjua mwenye kosa. Wengi wanaiacha hivyo, na inafaa pia umeme ukikatika. Usijaribu kuacha 7805 mahali pake na kuipa volti 5 kwenye kuingilia. Itatoa pungufu na mchezo utaganda.

Kwa ule wa nyuki: kwenye kopi nyingi chipu zote ziko chini ya tone moja la gundi nyeusi, na ardhi ya sauti na ya picha zinapita njia moja nyembamba mpaka kwenye soketi. Toa waya mpya wa ardhi karibu kabisa na lile tone, upeleke peke yake kwenye soketi nyeupe. Waya wa sauti uwe wenye kifuniko cha nyuzi, kifuniko kiunganishwe upande mmoja tu. Ongeza kapasita ya 0.1 µF kati ya volti 5 na ardhi, miguu ikiwa mifupi kadiri inavyowezekana. Hautaisha wote, lakini utazama chini ya marakasi.

Kurekodi kwa simu: usiunganishe waya mweupe moja kwa moja kwenye tundu la sikio. Mstari wa maikrofoni unataka sauti ndogo sana, na simu yenyewe inatoa volti kidogo kulisha maikrofoni. Unahitaji vipande vitatu tu na plagi ya 3.5 mm yenye pete nne. Kutoka waya mweupe pitia rezista ya kilo-omu 47, halafu kapasita ya 1 µF, ndipo ufike kwenye maikrofoni ya plagi. Kati ya maikrofoni na ardhi, upande wa simu baada ya kapasita, weka rezista ya kilo-omu 2.2. Hiyo ya 2.2 ni ya lazima: bila yake simu inaona hakuna kitu kilichochomekwa, na inarekodi kwa maikrofoni yake ya ndani, na utasikia kuku wa jirani kwenye sebene yako.

Mpangilio wa plagi kwenye simu nyingi za sasa, kuanzia ncha: kushoto, kulia, ardhi, maikrofoni. Simu nyingine za zamani zimebadilisha hizo mbili za mwisho. Ukipata sauti nyembamba ya mbali, badilisha kabla ya kulaumu rezista. Zima kwenye programu ya kurekodi kile kinachorekebisha sauti chenyewe, kwa sababu kinaona marakasi kama kelele za barabarani na kuzifuta. Rekodi kwa WAV, kHz 44.1 au 48. Mraba zikipasuka pale solo na mi-solo zinapolia pamoja, ondoa 47 uweke 100.